Sare Katika Pambano la Ubingwa wa Sataranji: Taji Livikwe Nani?

Mnamo mwaka 1983, katika mji wa Velden ulioko kando ya ziwa nchini Austria, watu wawili walikutana kugombea nafasi ya kusonga mbele katika safari ya kumtafuta mshindani wa bingwa wa dunia wa sataranji. Mmoja alikuwa Vasily Smyslov wa Urusi ya Kisovieti, mtu mzima wa miaka 62, aliyepata kuwa bingwa wa dunia tangu mwaka 1957 hadi 1958, naye alijulikana vilevile kwa sauti yake nzuri ya kuimba. Wa pili alikuwa Robert Hübner wa Ujerumani Magharibi, msomi wa maandishi ya kale. Walicheza michezo 10, wakatoka 5 kwa 5. Wakaongezewa michezo 4 mingine, wakatoka 7 kwa 7.

Kanuni zilisema kwamba ikifika hapo, kura ipigwe. Na kwa kuwa mji wa Velden una jumba mashuhuri la kamari, wakubwa wa mashindano waliamua kura hiyo ipigwe kwa gurudumu la ruleti. Rangi nyekundu akapewa Smyslov, nyeusi akapewa Hübner. Gurudumu likazungushwa, kigololi kikaruka-ruka, kikatua penye sifuri, ambapo hapana nyekundu wala nyeusi. Hata gurudumu nalo lilitoa sare! Likazungushwa mara ya pili, kigololi kikaangukia nyekundu, naye Smyslov akasonga mbele. Alimshinda Ribli wa Hungaria, kisha mwaka 1984 akafungwa na kijana mmoja aitwaye Garry Kasparov.

Ndugu msomaji, nimeanza na kisa hiki kwa sababu nilipata kuona cha kufanana nacho kwa macho yangu mwenyewe, katika bwalo la kambi moja ambayo sitaitaja. Palikuwa na mashindano ya drafti ya sikukuu, na zawadi ilikuwa mbuzi dume. Sajini mmoja wa polisi na koplo mmoja wa jeshi walifika fainali, wakatoka sare mara 4 mfululizo, hata taa zikawashwa na watoto wakaanza kusinzia mapajani mwa mama zao. Mkuu aliyekuwa akisimamia alitoa sarafu mfukoni, akairusha, na koplo akaondoka na mbuzi. Mke wa sajini alinijia nikiwa nafunga daftari langu. "Shemeji," akaniambia, "wewe unayeandika magazetini, hebu niambie. Mume wangu ameshindwa na nani?"

Sikuwa na jibu siku ile. Nimelitafuta katika historia ya sataranji, mchezo ambao jina lake tulilipata kwa Waarabu, nao Waarabu kwa Waajemi, kwa kuwa hakuna mchezo mwingine uliosumbuliwa na sare kwa muda mrefu kiasi hicho, wala uliojaribu dawa nyingi kiasi hicho.

SARE INATOKA WAPI

Kwa wasomaji ambao hawajauzoea mchezo huu, inafaa kueleza kwanza. Kila upande una mfalme mmoja na jeshi lake: malkia, ngome, farasi, maaskofu na askari wa miguu wanane. Anayemzingira mfalme wa mwenzake asipate pa kukimbilia ndiye mshindi, naye hupata pointi 1. Lakini mara nyingi majeshi humalizana uwanjani hata zisibaki kete za kutosha kumshika mfalme yeyote. Au hali ileile hujirudia mara tatu. Au mwenye zamu hukosa hatua ya kucheza ilhali mfalme wake hajashambuliwa. Au wachezaji wawili hutazamana tu na kukubaliana kuacha. Hapo kila mmoja hupata nusu pointi.

Kadiri elimu ya mchezo ilivyopanuka, ndivyo mabingwa walivyojifunza kutofanya makosa, na bila kosa la mmoja ni vigumu mwingine kushinda. Tazama hesabu hizi. Katika pambano la mwaka 1886 kati ya Wilhelm Steinitz na Johannes Zukertort, ambalo huhesabiwa kuwa la kwanza rasmi la ubingwa wa dunia, michezo 20 ilitoa sare 5 tu. Mwaka 1927 huko Buenos Aires, José Raúl Capablanca wa Kuba na Alexander Alekhine walicheza michezo 34, na 25 kati yake ilikuwa sare. Mwaka 1984 huko Moscow, michezo 48 ilitoa sare 40. Na mwaka 2018 huko London, Magnus Carlsen wa Norwei na Fabiano Caruana wa Marekani walicheza michezo 12 ya kawaida, na yote 12 ikawa sare, jambo ambalo halikuwa limetokea kamwe katika historia ya ubingwa huo.

DAWA YA KWANZA: SARE ISIHESABIWE

Wazee wa kale waliona njia iliyo nyofu: sare zisihesabiwe kabisa, watu wacheze mpaka mmoja afikishe idadi fulani ya ushindi. Steinitz na Zukertort walikubaliana ushindi 10, kwa sharti kwamba wakifika 9 kwa 9 pambano liishe bila mshindi. Steinitz alishinda 10 kwa 5. Capablanca na Alekhine walikubaliana ushindi 6, na Alekhine, ambaye kabla ya hapo hakuwa amepata kumfunga Capablanca hata mara moja, alimvua taji kwa 6 kwa 3. Iliwachukua tangu Septemba hadi mwisho wa Novemba.

Kanuni hii ina uzuri wake, na mimi sioni haya kusema kwamba inanivutia. Haimpi mtu zawadi kwa kujificha. Aliyetangulia hawezi kukaa juu ya pointi yake kama kuku juu ya yai. Sharti atoke akapigane tena. Askari yeyote ataielewa kanuni hiyo.

Lakini ubaya wake ni kwamba haina mwisho. Mwaka 1975 bingwa wa wakati huo, Bobby Fischer wa Marekani, alidai irudishwe: ushindi 10, michezo isiyo na kikomo, na wakifika 9 kwa 9 bingwa abaki na taji lake. Shirikisho la Kimataifa la Sataranji, FIDE, lilikubali mambo mawili ya kwanza likakataa la tatu. Wapinzani wa Fischer walifanya hesabu nyepesi: kama 9 kwa 9 ni mali ya bingwa, basi mshindani hana budi kushinda kwa 10 kwa 8, yaani amzidi bingwa kwa mbili, ilhali bingwa atatosheka na kulingana. Fischer hakukubali, hakucheza, na mwezi Aprili mwaka huo taji likaenda kwa Anatoly Karpov pasipo hata askari mmoja kusogezwa.

Kanuni ya ushindi 6 ikafuata. Mwaka 1978 huko Baguio, nchini Ufilipino, Karpov alimtangulia Viktor Korchnoi kwa 5 kwa 2. Alihitaji ushindi mmoja tu. Korchnoi, aliyekuwa ameikimbia nchi yake miaka miwili nyuma, akashinda michezo mitatu kati ya minne, wakawa 5 kwa 5. Karpov akaupata ushindi wa sita katika mchezo wa 32, baada ya miezi mitatu.

Basi wakubwa walipaswa kushtuka, lakini hawakushtuka. Tarehe 10 Septemba 1984 Karpov na Kasparov wakakaa mezani huko Moscow kwa kanuni ileile. Baada ya michezo 9, Karpov alikuwa na ushindi 4 na Kasparov hana kitu. Watu wakadhani kwamba mambo yatakwisha katika majuma machache. Zikafuata sare 17 mfululizo. Katika mchezo wa 27 Karpov akapata ushindi wa 5. Sare tena. Mchezo wa 32 Kasparov akashinda kwa mara ya kwanza. Sare 14 nyingine. Mwaka mpya ukaingia, baridi ya Urusi ikazidi, na pambano likahamishwa kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine. Karpov alikonda hata ikawa habari ya magazeti. Kisha Kasparov akashinda mchezo wa 47 na wa 48, wakawa 5 kwa 3.

Tarehe 15 Februari 1985, Rais wa FIDE, Bw. Florencio Campomanes wa Ufilipino, alitangaza kuwa pambano limesimamishwa bila mshindi. Miezi mitano ilikuwa imepita. Wapo waliosema alimwokoa Karpov aliyekuwa akizama. Wapo waliosema alimwokoa Kasparov, kwani Karpov alihitaji ushindi mmoja tu. Fikiria, ndugu msomaji, mtu aondoke nyumbani kwake akimwambia mkewe kwamba anakwenda kazini kwa majuma machache, kisha mwezi wa tano afukuzwe kazini pasipo kuambiwa kama ameshinda au ameshindwa.

DAWA YA PILI: SARE NI MALI YA BINGWA

Kabla ya hapo, na baada ya hapo, FIDE ilitumia kanuni nyingine: michezo 24, na ikiwa 12 kwa 12 bingwa abaki na taji. Wanaoitetea husema kwamba anayetaka kumtoa mtu nyumbani lazima amshinde, si kulingana naye. Ni hoja ya haki, ingawa mshindani huanza safari akiwa nyuma kwa nusu hatua.

Aliyeonja uchungu wake zaidi ni David Bronstein. Mwaka 1951 alimtangulia Mikhail Botvinnik kwa pointi moja, ikiwa imebaki michezo 2. Alipoteza mchezo wa 23, akatoka sare wa 24, ikawa 12 kwa 12, kila mmoja akiwa na ushindi 5. Botvinnik akarudi nyumbani bingwa. Bronstein hakupata nafasi nyingine maishani mwake. Mwaka 1954 Botvinnik alitoka tena 12 kwa 12, safari hii na Smyslov yuleyule wa ruleti. Hata kabla ya FIDE kushika hatamu, mwaka 1910, Emanuel Lasker aliponea chupuchupu mbele ya Carl Schlechter wa Vienna kwa kushinda mchezo wa 10 na wa mwisho, ikawa 5 kwa 5. Wanahistoria wamebishana kwa muda mrefu kama masharti ya pambano hilo yalimtaka Schlechter ashinde kwa pointi mbili. Jambo lililo wazi ni kwamba katika mchezo ule Schlechter hakutafuta suluhu ambayo watu wote walidhani ingemtosha.

Hata hivyo, kanuni hii ilizaa michezo ambayo haisahauliki. Mwaka 1985, Kasparov akiongoza 12 kwa 11, Karpov alikuwa bingwa aliyehitaji ushindi katika mchezo wa mwisho ili alinganishe na kubaki na taji. Alishambulia, akashindwa, na Kasparov akawa bingwa akiwa na miaka 22. Miaka miwili baadaye huko Seville, nchini Hispania, kibao kikageuka: sasa Kasparov ndiye bingwa, yuko nyuma 11 kwa 12, naye anahitaji ushindi katika mchezo wa 24. Hakuvamia. Alicheza polepole, akaubana mchezo kidogo kidogo mpaka ukaahirishwa hadi kesho yake, na kesho yake akashinda. Watu walewale wawili, kanuni ileile. Mmoja ilimkataa, mwingine ikamkumbatia. Mwaka 2004 huko Brissago, Uswisi, Vladimir Kramnik naye aliokoa taji lake kwa kumfunga Peter Leko wa Hungaria katika mchezo wa 14 na wa mwisho, ikawa 7 kwa 7.

Ninachokiona katika visa hivi ni kwamba sare ilikuwa na mwenyewe. Siku ya mwisho palikuwa na mtu mmoja ambaye suluhu haikumfaa hata kidogo, na mtu wa namna hiyo hulazimika kupigana.

DAWA YA TATU: KUBADILI MCHEZO

Tangu mwaka 2006, pale Kramnik alipokutana na Veselin Topalov huko Elista, njia imekuwa nyingine. Wakitoka sare katika michezo ya kawaida, siku nyingine hutengwa, saa hupunguzwa, na watu hucheza sataranji ya haraka. Kwa kanuni za mwaka 2016 na 2018, mchezaji aliyezoea kupewa dakika 100 kwa hatua 40 za mwanzo alipewa dakika 25 kwa mchezo mzima, na sekunde 10 kwa kila hatua. Wakilingana katika michezo 4 ya namna hiyo, huja michezo ya dakika 5. Wakilingana tena na tena, huja mmoja wa mwisho ambao wachezaji huuita Armageddon, yaani kiama: mwenye kete nyeupe hupewa dakika 5, mwenye nyeusi dakika 4, lakini ikiwa sare mwenye nyeusi huhesabiwa mshindi. Ubingwa wa dunia haukupata kufika huko, na tushukuru.

Njia hii humaliza kazi, hilo halina ubishi. Tena ina burudani zake: tarehe 30 Novemba 2016 huko New York, siku ya kuzaliwa kwake, Carlsen alimaliza pambano na Sergey Karjakin kwa kumtoa malkia wake kafara, hatua nzuri ambayo hata mtoto aliyejifunza jana angeifurahia. Lakini nina shaka nayo kubwa. Mbio za mita 100 hazimalizi ubishi wa mbio za maili nyingi. Mwaka 2018 huko London, katika mchezo wa 12, Carlsen alikuwa na hali nzuri kuliko Caruana na muda mwingi zaidi, naye akamwomba suluhu! Kwa nini? Alijijua kuwa katika mchezo wa haraka ana nguvu kumzidi mwenzake. Siku ya sataranji ya haraka ilipofika alimfunga 3 kwa 0. Hesabu zake zilikuwa sahihi, wala mtu hawezi kumlaumu. Kosa ni la kanuni iliyomfundisha mpiganaji kwamba kuacha vita akiwa anashinda ni busara.

Kinyume chake kilitokea mwaka 2010 huko Sofia. Topalov, akiwa 5.5 kwa 5.5 na Viswanathan Anand wa India, hakutaka kufika kwenye michezo ya haraka ambako Anand alijulikana kuwa hatari. Akalazimisha mambo katika mchezo wa 12, akafunua mfalme wake, akapoteza.

Nimefanya hesabu yangu ndogo. Mapambano ya michezo 24 yaliyochezwa kati ya mwaka 1951 na 1990 yalikuwa 14, na 3 tu ndiyo yaliyoishia 12 kwa 12. Kati ya mwaka 2006 na 2023 yalichezwa mapambano 10 ya ubingwa, nayo 5, yaani nusu nzima, yalikwenda kuamuliwa kwa saa fupi: 2006, 2012, 2016, 2018 na 2023. Sehemu ya sababu ni kwamba michezo imepunguzwa ikawa 12 au 14, na pambano fupi humtia mtu hofu, kwa maana kosa moja halina muda wa kufidiwa.

NINGEPEWA RUHUSA

Kuwakataza wachezaji wasikubaliane sare mapema, kama walivyokatazwa mwaka 2021 kabla ya hatua ya 40, ni jambo jema lakini ni dawa ya maumivu tu. Watu wawili wanaotaka suluhu wataipata kwa kurudia hatua. Huko Norwei, tangu mwaka 2019, yako mashindano ambayo kila mchezo wa sare hufuatwa papo hapo na ule wa kiama, na aliyeshinda humzidi mwenzake kidogo kwa pointi. Yanapendeza kutazama, lakini kwa taji la dunia naona ni mzaha.

Liko pendekezo moja ambalo limezungumzwa na wengi na halijajaribiwa katika ubingwa: michezo ya haraka ichezwe kwanza, kabla ya pambano kufunguliwa. Atakayeshinda humo ndiye mwenye sare. Wakimaliza michezo ya kawaida wakiwa wamelingana, taji ni lake, na hakuna siku ya ziada. Kwa njia hiyo bingwa hapewi upendeleo wa bure, kwa kuwa sare ameipigania kama mwenzake. Tena tangu mchezo wa kwanza mpaka wa mwisho pana mtu mmoja anayejua kwamba suluhu itamwangamiza. Na neno la mwisho husemwa na sataranji yenyewe, ile ya saa nyingi, si ile ya kukimbizana. Nami ningeongeza michezo ifike 16 au 18, watu wapate nafasi ya kuanguka na kuinuka.

Watasema kwamba mwenye sare atajifungia ngomeni kwa mwezi mzima. Yawezekana. Lakini Botvinnik alikuwa na sare yake mkononi mwaka 1954, na bado kati ya michezo 24 ni 10 tu iliyokuwa suluhu. Kila mmoja alimfunga mwenzake mara 7. Anayekaa ngomeni muda wote hushambuliwa muda wote, na ukuta ambao hautolewi askari nje huchoka.

Pambano la mwaka 2024 nchini Singapore lilikaribia sana kuongeza hesabu ile ya nusu. Ding Liren wa China, ambaye mwaka uliotangulia alilipata taji kwa michezo ya haraka huko Astana, alikuwa 6.5 kwa 6.5 na Gukesh Dommaraju wa India, kijana wa miaka 18. Mchezo wa 14 ulichezwa tarehe 12 Desemba, na siku ya michezo ya haraka ilikuwa kesho yake. Ding alikuwa na kete nyeupe, lakini hakuzitumia kushambulia. Alibadilishana kete moja baada ya nyingine, akakubali hata kupungukiwa askari mmoja, akiitafuta suluhu ambayo kila mtazamaji aliiona inakuja. Gukesh alikataa kuiacha. Aliendelea kusogeza, saa baada ya saa, katika hali ambayo wengi wangekwisha kupeana mikono. Katika hatua ya 55 Ding aliweka ngome yake mahali ambapo ngome na maaskofu wangelazimika kubadilishana, wakabaki wafalme na askari tu, na yule askari mmoja wa ziada akawa ndiye pambano zima. Gukesh aliitazama hatua hiyo, akajiinamia, akanywa maji, akatazama tena ili ahakikishe macho hayamdanganyi. Hatua tatu baadaye Ding alimpa mkono. Kijana akalia palepale mezani, huku akizirudisha kete moja moja mahali pake ubaoni.

Kuhusu yule mama wa bwaloni, nilikutana naye mwaka uliofuata, nikamweleza habari za ruleti ya Velden. Alicheka sana, kisha akasema, "Basi shemeji, mwambie mkuu wenu safari hii awaache wacheze mpaka asubuhi. Chai nitapika mimi."